Jibu Lilikuja, Sisi Hatukuliona



Leo nataka tuongee kuhusu barua pepe. Najua kuna mtu ashaanza kupitisha kidole aende mbele. Ngoja kwanza, soma hii halafu uamue.

Kikundi chetu kiliandikia ofisi moja ya umma kuomba ramani ya njia za kuteremkia baharini upande wa Diani. Wavuvi walikuwa wamechoka kufungiwa njia walizopita tangu utotoni. Tulitumia haki tuliyonayo sote, Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016. Sheria hiyo yakuruhusu uandike kwa Kiswahili au Kiingereza, na yaipa ofisi siku 21 ikujibu. Tukatuma barua pepe, tukaanza kuhesabu siku.

Siku 21 zikapita. Katibu wetu, dada aliye Msambweni, kila asubuhi afungua simu: hakuna kitu. Tukasema basi, wametudharau. Tukakaa, tukalalamika barazani kama kawaida yetu.

Miezi miwili baadaye ndio tukagundua jibu lilikuja siku ya 18. Lilikuwa ndani ya kompyuta ya kikundi, Ukunda. Kijana mmoja aliiwasha ili achapishe karatasi zake, programu ya barua ikajifungua yenyewe, ikavuta barua zote, na hakuna aliyesoma. Jibu lenyewe lilikuwa la kukataa. Ukikataliwa, sheria yakupa siku 30 kupeleka malalamiko yako kwa tume ya Ombudsman ili uamuzi uangaliwe upya. Siku zetu 30 zilikuwa zishaenda na maji.

Hakuna aliyetuhujumu. Tulishindwa na mpangilio wa sanduku letu wenyewe. Ndio maana nataka uelewe kilichotokea, kwa sababu huenda na lako liko hivyo hivyo.

Fikiria sanduku la posta, S.L.P. ya kikundi. Mmoja ana ufunguo, apita pale, achukua barua zote, azitia mfukoni na kwenda nazo kwake. Mwenzake akija kesho akuta sanduku tupu. Hivyo ndivyo unavyofanya mtindo wa zamani uitwao POP, ulioanza mwaka 1984. Kompyuta yavuta barua kutoka kwenye seva, na usipoiambia iache nakala, seva yabaki tupu. Ulifaa zama zile mtu alipokuwa na kompyuta moja tu. Kompyuta yetu ya Ukunda ilikuwa imepangwa hivyo.

Mtindo wa pili ni IMAP. Ulibuniwa mwaka 1986 na Mark Crispin, Chuo Kikuu cha Stanford kule Marekani. Hapa barua zakaa kwenye seva, na kila kifaa chapata nakala yake. Kila barua ndani ya folda yapewa namba. Simu yako ikipata mtandao yauliza seva: mimi nimefika namba hii, kuna mpya? Yaletewa zile tu ambazo haina. Halafu zaambizana alama: hii imesomwa, hii imejibiwa, hii imefutwa. Ukisoma Msambweni, mwenzako wa Ukunda aona imesomwa. Ukiandika jibu bila mtandao, lasubiri, na mtandao ukirudi latoka. Huko ndiko kusawazisha: sanduku la kwako na sanduku la seva yasema jambo moja.

Kwetu sisi jambo hili lina uzito. Wajua ukiingia ndani kule Kinango mtandao unavyokuja na kuondoka, na bando zenyewe twanunua za kuhesabu. Mwezi Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilikatika karibu na Afrika Kusini, na Afrika Mashariki nzima ikahisi. Mtu ambaye barua zake ziko kwenye seva peke yake hana cha kusoma siku kama hiyo. Aliye na nakala iliyosawazishwa afungua laptopu na kuendelea na kazi.

Lakini hapa ndipo wengi wetu twajidanganya, kwa hiyo sikiliza vizuri. Kusawazisha si kuweka akiba. Ukifuta barua kwenye simu, yafutika kwenye seva, na laptopu nayo yafuata. Mtoto akichezea simu yako akafuta, imefutwa kote. Kwenye Gmail barua iliyotupwa yakaa kwenye Tupio siku 30, kisha yaondoka kabisa. Nafasi ya bure ni GB 15, na humo humo mna picha zako na faili zako. Ikijaa, barua mpya haziingii. Tena tangu Desemba 2023 Google yaweza kufuta akaunti isiyotumika miaka miwili. Fikiria akaunti uliyofungua ukiwa kidato cha nne ili kuomba mkopo wa HELB, halafu ukaisahau.

Basi fanya haya, mepesi tu.

Kwanza, hakikisha akaunti ni yako. Wangapi wetu tulifunguliwa barua pepe na kijana wa cyber, namba ya kurudishia ikawa yake, neno la siri akaliandika kwenye daftari lake? Huna ubaya naye, lakini siku akihama Ukunda aondoka na ufunguo wako. Weka namba yako, badilisha neno la siri.

Pili, ikiwa kikundi chenu chatumia programu ya barua kwenye kompyuta, fungua mipangilio ya akaunti uangalie: ni POP au IMAP? Ikiwa ni POP, usiifute kwa pupa. Nakili kwanza barua zilizomo, maana huenda hazipo mahali pengine popote duniani. Kisha ongeza akaunti upya kwa IMAP. Thunderbird ni ya bure, na ina sehemu ya kuiagiza ihifadhi barua za folda zote ndani ya kompyuta. Iweke hivyo.

Tatu, kwenye simu usidhani zote zimo. Programu ya Gmail ya Android kwa kawaida hushusha barua za siku 30 za karibuni tu. Za zamani zaidi zahitaji mtandao. Waweza kuongeza idadi ya siku kwenye mipangilio.

Nne, barua yoyote yenye haki yako ndani yake, iwe ya ardhi, kazi, basari au ombi kwa serikali, ihifadhi pembeni, nje ya sanduku. Ishushe kama faili ya barua yenyewe, maana faili hiyo yabeba tarehe, saa na njia iliyopitia. Skrinshoti yasaidia, lakini ni rahisi kupingwa. Weka moja kwenye flashi, nyingine kwa mtu mnayemwamini. Nyumba ikiungua au kompyuta ikifa, bado mnayo.

Tano, kikundi kichague mtu wa kusoma barua na mtu wa kumwuliza kama amesoma. Mashine itazileta barua mpaka mlangoni, lakini haiwezi kuzisoma kwa niaba yako.

Wazee wetu walipoteza mashamba kwa sababu karatasi ilikuwa ofisini na wao hawakuwa na nakala. Twalisema hilo kila mkutano, kwa uchungu, na ni haki yetu kulisema. Sasa karatasi yaja mpaka mfukoni mwetu. Tukiipoteza sisi wenyewe, tutamlaumu nani?

Sisi tumeandika ombi upya. Safari hii simu ya Msambweni na kompyuta ya Ukunda zaona sanduku moja, flashi iko kwa mzee wa wavuvi, na siku twazihesabu watu wanne.

Leo kabla hujalala, fungua mipangilio ya barua yako uangalie. Ukikwama, njoo na simu yako, tukae pamoja tuitengeneze.