Chakula ya kantini inatupwa, mu cité batoto banalala na njala

Bandugu bachimbaji, na ninyi bamama benye kubaki na nyungu ku nyumba,

Kila mutu mwenye anatumika mu karière anajua hii. Kisha chakula ya muchana, masufuria ya kantini yangali na wali, maharagi, hata kuku. Saa moja ikipita, yote iko mu pipa. Na pa mulango, garde anafungua kila mufuko. Akikukuta na kipande cha mukate, uko mwizi. Nilishatetea ndugu moja mwenye alifukuzwa kazi juu ya vipande mbili vya kuku, kuku yenye ilikuwa inaenda kutupwa. Hatukushinda.

Juu ya nini chakula inabaki mingi vile? Zamani nilizani ni majivuno ya bakubwa. Kisha nikasoma mukataba, nikaona ni hesabu tu. Kampuni ya kupika inalipwa kufuata liste ya batu, hapana kufuata sahani zenye zimekuliwa. Bisi ikichelewa, ekipe ikibaki chini, chakula imeshapikwa na imeshalipwa. Hakuna mwenye anapoteza franga akitupa.

Shirika la ONU la mazingira lilihesabu kwamba mu mwaka 2022 dunia ilitupa tani zaidi ya miliare moja ya chakula. Na mu inchi yetu, mu 2024, batu zaidi ya milioni 25 balikuwa na njala kali. Huku kwetu Katanga tunakula bunga ya Zambia. Ukame wa 2024 ulipopiga kule, kila mama aliona bei ya mufuko.

Bakubwa ba kampuni banajibu: chakula ya kubaki italetea batu magonjwa. Hapo hawasemi uongo. Lakini kuna vitu mbili, tusichanganye. Ile yenye imebaki ku sahani, mutu ameshatiamo kijiko, hiyo hapana. Hata nguruwe ukitaka kuwapa, uchemushe kwanza, juu homa ya nguruwe inapitiamo. Lakini ile yenye imebaki mu sufuria, haijaguswa, inaweza kwenda ku dispensaire, ku masomo, kwa bajane. OMS inasema: ikae moto kupita digri 60, ao baridi chini ya 5, na isilale inje kupita saa mbili. Basi lazima motokari, masufuria ya kufunga muzuri, na mama moja wa kuandika saa yenye imetoka na saa yenye imefika. Ni mambo ya kawaida. Hawa batu banapeleka shaba mpaka Durban, watashindwa kupeleka wali kilometa tano?

Ufaransa ilitoa sheria mu février 2016: magazini makubwa, yenye kupita metre carré 400, lazima yafanye mapatano na mashirika ya kusaidia batu, na yasiharibu chakula ingali muzuri.

Kwetu, Code minier ya 2018 inaomba kila kampuni itoe 0,3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya batu benye banaikala karibu na mgodi. Na njo hapa ninaogopa. Ninawajua. Kesho watahesabu wali wa kubaki kama sehemu ya ile 0,3%, ao watatuambia mu mazungumuzo ya mushahara: « si tunalisha cité? » Hapo sendika ikatae kabisa. Bababa zetu balipokea mposho kwa Union Minière, kisha kwa Gécamines, na mposho ilikuwa malipo ya kazi yao. Sufuria ya kubaki haiko mposho. Lazima iandikwe mbali, ku karatasi yake, bila bei.

Badelege, mu mukutano wenye unakuja muombe kintu kimoja kwanza: mwezi muzima, kila siku, kantini ipime chakula yenye inatupa na ibandike hesabu pa mulango. Pale pale penye garde anafungulia mifuko yetu.