Lango la Chuo na Aliyeachwa Nje

Mwana anapojiunga na chuo kikuu cha hadhi, ukoo mzima hushangilia, na ni haki yake kujivunia. Hata hivyo, lipo swali ambalo nderemo hizo hulifunika: je, chuo hicho kitamfunza kumheshimu aliyebaki nje ya lango lake?

Hapo zamani, chuo kilichotamaniwa mno Afrika Mashariki kilikuwa Makerere. Julius Nyerere na Mwai Kibaki walipitia huko. Mnamo Juni 1962, waandishi wa Kiafrika wanaotumia Kiingereza walikutana chuoni humo. Ngũgĩ wa Thiong'o, ambaye wakati huo aliitwa James Ngugi, alikuwa angali mwanafunzi. Alialikwa ingawa alikuwa amechapisha hadithi fupi chache tu. Shaaban Robert, mtunzi wa Kusadikika na Adili na Nduguze, hakuwa na nafasi, kwa kuwa aliandika kwa Kiswahili. Mwezi uo huo aliaga dunia.

Ngũgĩ hakuificha kinaya hiki. Aliieleza waziwazi katika Decolonising the Mind (1986). Kabla ya hapo, mwaka 1968, akiwa mhadhiri jijini Nairobi, yeye pamoja na Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba walipendekeza Idara ya Kiingereza ivunjwe, na fasihi ya Kiafrika iwekwe kitovuni. Huyo ndiye msomi: aliyefunguliwa lango, kisha akauliza ni nani lililomfungia.

Leo Kiswahili ni lugha rasmi nchini Kenya kwa mujibu wa Katiba ya 2010, na Shaaban Robert, ambaye hakusomea chuo kikuu chochote, huandikiwa tasnifu. Yamkini wanafunzi wa Kiswahili hudhani kwamba dhuluma ile ilikwisha. La hasha! Malenga wa Lamu au Mvita hurekodiwa, tungo zake zikawa data ya shahada ya mtu mwingine. Lakini kongamano linapofunguliwa, aghalabu yeye hayumo ukumbini. Kikulacho ki nguoni mwako: safari hii anayeshika komeo si Mwingereza, bali ni mtaalamu wa Kiswahili mwenyewe.

Elimu bila amali ni kama nta bila asali. Basi kila aliyepata kiti ndani na asogee kidogo, malenga naye aketi, asemewe na kinywa chake mwenyewe.