Kawaida ni kama sheria: Mtihani wa Wakenya katika kutunza mazingira

Ni nadra kumpata Mkenya asiyejua kwamba ukataji miti kiholela huharibu vyanzo vya maji, kwamba taka zinazotupwa mitaroni huzuia maji kupita au kwamba moshi wa plastiki hudhuru mapafu. Mafunzo haya hutolewa shuleni, makanisani, misikitini, redioni na katika mabaraza ya machifu. Hata hivyo, jioni yoyote ile katika mitaa ya Nairobi, Mombasa au Kisumu, moshi hufuka kutoka kwa marundo ya taka, nayo mvua ya kwanza ya msimu hukuta mitaro imesheheni chupa na makaratasi.

Pengo hili baina ya anachokijua mtu na anachokitenda limeligharimu taifa pakubwa. Mafuriko ya Machi hadi Mei 2024 yaliua zaidi ya watu 200 kote nchini na kuwaacha maelfu ya wengine bila makao. Mvua ilikuwa kubwa kupita kiasi na hakuna mtaro ambao ungeimeza yote. Lakini mijini, taka zilizoziba mitaro pamoja na ujenzi kwenye kingo za mito viliongeza hasara ambayo tayari ilikuwa kubwa.

Kwa miaka mingi, jibu la serikali na mashirika limekuwa kuongeza mahubiri. Kila Juni 5, Siku ya Mazingira Duniani, hotuba husomwa, fulana hugawanywa na miche hupandwa. Dhana iliyopo ni kwamba mwananchi hatendi kwa sababu hajaelimishwa vya kutosha.

Yaliyotukia nchini katika miongo miwili iliyopita yanaonyesha vingine. Wahenga walinena kwamba kawaida ni kama sheria, na sheria ya aina hiyo haivunjwi kwa kuambiwa tu kwamba ni mbaya. Huvunjika inapopatikana njia nyingine iliyo karibu, isiyomgharimu mtu zaidi, na pale ambapo wenye mamlaka hawalegezi kamba baada ya wiki mbili.

Ushahidi ulio wazi zaidi ni ule wa mifuko ya plastiki. Kabla ya marufuku, Umoja wa Mataifa ulikuwa umekadiria kwamba supamaketi pekee ziliwapa wateja takriban mifuko milioni 100 kila mwaka. Mifuko hiyo iliishia mitini, baharini na matumboni mwa ng'ombe. Marehemu Profesa Wangari Maathai, aliyeshinda Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka wa 2004, alionya mapema kwamba mifuko iliyotupwa huhifadhi maji ambamo mbu huzaana.

Serikali ilijaribu kuizima mwaka wa 2007, ikajaribu tena 2011. Mara zote mbili ililenga mifuko myembamba pekee na mara zote mbili ikashindwa. Ilikuwa vigumu kwa askari sokoni kutofautisha mfuko mwembamba na mnene, na mfanyabiashara hakuwa na sababu ya kuogopa.

Agosti 28, 2017 mambo yakawa tofauti. Marufuku iliyotangazwa miezi sita awali iligusa mifuko ya kubebea bidhaa ya unene wowote, ikaja na faini ya hadi Sh4 milioni au kifungo cha hadi miaka minne, nazo juhudi za watengenezaji kuipinga mahakamani zikagonga mwamba. Katika muda wa majuma machache, kikapu na kiondo vilirudi mikononi mwa wanunuzi, nao wauzaji miraa wakarejelea majani ya mgomba na magazeti.

La kuzingatiwa hapa ni kwamba moyo wa Mkenya haukubadilika usiku wa Agosti 27. Kilichobadilika ni kwamba mfuko haukuwepo tena kwenye kaunta. Mnunuzi hakuhitaji kuwa mwema ili kutenda wema. Alihitaji tu kukumbuka kikapu chake.

Hata hivyo, ufanisi huo una mipaka yake. Mifuko ya magendo imekuwa ikipenyezwa kutoka nchi jirani, na katika masoko kadhaa vifuko vyembamba vya kupakia nyanya au njugu vilianza kuonekana tena misako ilipopungua. Isitoshe, mifuko ya kitambaa cha bandia iliyochukua nafasi ya ile ya zamani hutumiwa na wengi mara moja kisha ikatupwa, ilhali ilikusudiwa kudumu.

Kulegea huku si kugeni. Mnamo Februari 2004, aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, marehemu John Michuki, aliwafanya abiria wa matatu kote nchini kufunga mikanda na kuketi mmoja mmoja kwenye kiti. Wengi walidhani utovu wa nidhamu barabarani umezikwa. Alipohamishiwa wizara nyingine mwishoni mwa 2005, mikanda ilianza kuchakaa na abiria wakarudi kusimama. Tabia iliyojengwa juu ya mtu mmoja mkali haikumsubiri kuondoka kwa muda mrefu kabla ya kuporomoka.

Suala la taka za nyumbani linaonyesha upande wa pili wa sarafu, yaani kinachotokea pale sheria inapotangulia nayo huduma ikabaki nyuma. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inataka taka zitenganishwe kuanzia pale zinapozalishwa, zile zinazooza zikiwekwa kando na zisizooza. Mnamo Aprili 2024, Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira (NEMA) iliagiza kwamba taka zinazooza zisitiwe tena katika mifuko ya plastiki.

Kwenye karatasi, mpango huo hauna kasoro. Mtaani, hali ni nyingine. Familia inayojibidiisha kutenga maganda ya ndizi na chupa tupu hushuhudia lori moja likibeba yote na kuyachanganya kabla hata halijafika barabara kuu. Hiyo nayo ni elimu. Huwafunza watoto wa nyumba hiyo kwamba bidii yao haina maana, na funzo la aina hiyo halifutiki kwa bango la barabarani.

Lori hilo, mara nyingi, huelekea Dandora. Jaa hilo la Nairobi lilifunguliwa katika miaka ya 1970 na kutangazwa kujaa mwaka wa 2001, lakini zaidi ya miongo miwili baadaye malori yalikuwa yangali yanamwaga taka humo. Kazi ambayo mipango rasmi ilifaa kufanya huishia mikononi mwa waokotaji, ambao huchambua plastiki, vyuma na karatasi kwa mikono mitupu na kuziuza kwa kilo. Wao ndio uti wa mgongo wa urejelezaji wa taka nchini, na ndio wanaolipwa kidogo zaidi.

Kuna pia mitaa ambako lori halifiki kabisa. Katika vitongoji duni, mkazi ana njia tatu: kumlipa kijana wa mkokoteni, kutupa mtoni au kuwasha kiberiti. Kumwita mkazi huyo mchafuzi bila kumwonyesha njia ya nne ni sawa na kumlaumu mwenye njaa kwa kutokula matunda. Uchomaji wa plastiki hutoa gesi zenye sumu, zikiwemo zile zinazohusishwa na saratani, na wa kwanza kuzivuta ni watoto wake mwenyewe. Yeye hufanya hivyo si kwa kupenda.

Jikoni, hesabu ni hiyo hiyo. Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya familia nchini zilitegemea kuni kupika, takriban familia 12 kwa kila 100 zilitegemea makaa, na zilizotumia gesi hazikufika robo. Katika tanuri la udongo, kilo 10 za mti mkavu hutoa kilo moja au mbili tu za makaa. Aidha, Shirika la Afya Duniani limeonya kwa miaka mingi kwamba moshi wa jikoni huchangia nimonia kwa watoto na maradhi ya mapafu kwa akina mama.

Mama anayepika kwa makaa Mathare au Bangladesh kule Mombasa anayajua haya. Anajua pia kwamba makaa hununuliwa kwa mkebe, kwa fedha alizopata siku hiyo, ilhali mtungi wa gesi hudai fedha nyingi kwa mkupuo mmoja. Mwenye kipato cha kila siku hununua kwa siku. Kwa jumla ya mwezi huenda akawa analipa zaidi kuliko jirani yake mwenye gesi, lakini mwezi si kipimo anachoweza kukitumia.

Sera za serikali nazo zimekuwa zikiyumba. Gesi ya kupikia iliyokuwa imeondolewa ushuru wa ziada ya thamani (VAT) ilirejeshewa ushuru huo wa asilimia 16 mnamo Julai 2021, ukapunguzwa hadi asilimia 8 mwaka uliofuata, kisha ukaondolewa tena 2023. Familia iliyokuwa imejikakamua kununua mtungi ilijikuta ikirudi kwa makaa. Vilevile, marufuku ya ukataji miti katika misitu ya umma ya Februari 2018 ilipandisha bei ya makaa, lakini watu hawakuacha kupika. Gunia lilitafutwa mbali zaidi, na mti ulioponea kwenye msitu wa serikali ukalipiwa na mti wa nyika.

Walio na uwezo, hata hivyo, hawana kisingizio hicho. Anayeendesha gari mita 300 kununua maziwa, anayeosha gari kwa mpira wa maji ilhali mtaa wa pili mifereji imekauka, au anayeandaa harusi ambayo nusu ya chakula huishia jaani hakosi njia mbadala. Viongozi wanaofika kwa misafara ya magari makubwa kuhutubia kuhusu mabadiliko ya tabianchi huwafunza wananchi somo ambalo halimo katika hotuba yao.

Upandaji miti ni mfano mwingine. Novemba 13, 2023 ilitangazwa kuwa siku ya mapumziko ili Wakenya wapande miche milioni 100, katika mpango wa kufikisha miti bilioni 15 kufikia 2032. Shabaha ni njema. Lakini kupanda mti ni kazi ya dakika tano mbele ya kamera, ilhali kuukuza ni kazi ya miaka mitatu ya kumwagilia maji na kufukuza mbuzi. Vuguvugu la Green Belt, ambalo Profesa Maathai alilianzisha mwaka wa 1977, lilielewa jambo hili mapema: wanawake walilipwa kiasi kidogo cha pesa kwa miche iliyoishi, wala si kwa iliyopandwa.

Ukweli ni kwamba mazoea mengi yanayosifiwa leo kuwa ya kisasa yalikuwa ya kawaida nchini kabla ya kupewa jina. Soda ilinunuliwa kwa kurudisha chupa tupu ya kioo. Vikapu vya ukili na viondo vya katani vilidumu miaka. Yaliyofaulu hivi majuzi yamefuata mkondo huo huo. Mashine za kuuza maziwa kwa kipimo zilienea mitaani kwa sababu mteja anayekuja na chombo chake hulipa kidogo kuliko anayenunua pakiti. Jiko la udongo lililobuniwa miaka ya 1980 lilienea hadi nchi jirani kwa sababu lilipunguza gharama ya makaa. Mafundi wa Lamu nao walichukua plastiki na kandambili zilizookotwa ufuoni wakaunda jahazi lililofika Zanzibar mwaka wa 2019.

Katika mifano hiyo yote, hakuna aliyeombwa kujitoa mhanga. Hilo ndilo funzo ambalo wapangaji sera wamelikwepa. Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi, na Kifungu cha 69 kinamtwika kila mtu wajibu wa kushirikiana na serikali kuyalinda. Neno ni kushirikiana, na hakuna ushirikiano pale upande mmoja unapohubiri nao mwingine ukabaki na moshi.

Kaunti zikinunua malori yenye sehemu mbili, familia zitakuwa na sababu ya kutenga taka. Gesi ikiuzwa kwa kipimo cha mkebe, makaa yatapungua bila misako. Na msimamizi wa sheria akiwa yule yule Januari na Desemba, mifuko ya magendo haitapata mnunuzi. Bila hayo, msimu mwingine wa mvua utabisha hodi huku mitaro ikiwa vile vile, na asiyeziba ufa hana budi kujenga ukuta.