Dodoso Halijui Kusindikizwa

Nimechoka kuambiwa kwamba Watanzania ni waongo. Mwezi huu peke yake nimeambiwa mara tatu, na mara zote na watu wenye digrii: eti ukitaka kupoteza fedha zako, fanya utafiti wa maoni hapa kwetu, maana watu wetu hukuambia kile unachotaka kusikia. Wanasema huku wanacheka. Mimi sicheki. Kazi hiyo nimeifanya, na mshahara wake nimeula.

Nilikuwa mdadisi. Kwa wasioijua kazi yenyewe: unapewa kishikwambi, fulana yenye nembo, nauli ya daladala na orodha ya nyumba. Mjumbe anatangulia kukutambulisha. Halafu unauliza: je, umeridhika na huduma za zahanati? Umeridhika sana, umeridhika, huna maoni, hujaridhika, au hujaridhika kabisa? Mtindo huu wa ngazi tano hatukuubuni sisi. Ulianza na Mmarekani mmoja, Rensis Likert, mwaka 1932, na aliowajaribia walikuwa wanafunzi wa vyuo vikuu vya kwao. Sina ugomvi naye, marehemu wa watu. Ugomvi wangu ni na hawa waliouleta mpaka Mbagala bila kujiuliza watu wa Mbagala hujibuje wakiulizwa na mgeni.

Haya, tuulizane wenyewe. Mtu akikwambia "Habari za nyumbani?" unajibu nini? Nzuri. Mtoto ana homa, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na bado ni nzuri tu. Baada ya nzuri tatu nne, za kazi, za watoto, za tangu juzi, ndipo unavuta pumzi na kusema: "Ila bwana..." Kila aliyelelewa kwa Kiswahili anajua kwamba habari yenyewe inaanzia kwenye "ila". Ile nzuri ya kwanza si uongo, ni adabu. Anayemwaga shida zake kabla mgeni hajakaa vizuri tunamwona hakufunzwa kwao. Sasa dodoso linaidaka nzuri ya kwanza, linaitia kwenye asilimia, linatimua mbio. Kisha msomi anakaa mbele ya kompyuta anashangaa: mbona maskini hawa wameridhika hivi!

Mwaka 2002 Afrobarometer walitoa ripoti ambayo kichwa chake kiliuliza kama Watanzania ni raia wasiohoji au ni watu wenye subira. Wasiohoji! Lakini niwatendee haki: hao hao, wanapomaliza mahojiano, humwuliza mtu anadhani ni nani aliyewatuma, na wengi hujibu kuwa ni serikali. Hilo swali moja la mwisho nalipenda kuliko yote yaliyotangulia. Ukishaamini kwamba kijana mwenye fulana katumwa na serikali, na mjumbe kasimama pale mlangoni, utamwambia nini?

Wala jambo hili si la wazungu peke yao. Tume ya Jaji Francis Nyalali, iliyoundwa mwaka 1991, ilizunguka Bara na Visiwani kuuliza wananchi kama wanataka chama kimoja au vingi. Takriban asilimia 80 walisema chama kimoja kiendelee. Watu hao walikuwa wamezoea mikutano ya "Zidumu fikra za Mwenyekiti". Mlitaka wajibu nini mbele ya wakubwa? Tume haikuishia kwenye hesabu, ilipendekeza vyama vingi, na mwaka 1992 sheria ikabadilishwa. Mwaka 1995, kwa kura ya siri, mgombea urais wa CCM akapata asilimia 61.8. Swali si lile lile, najua, msinirukie. Lakini tofauti hiyo kila nikiifikiria hainipi usingizi.

Kisa chenyewe kilichonitia hasira ni kidogo tu. Mama mmoja nilimwuliza habari za zahanati. "Tumeridhika, mwanangu, tunashukuru." Nikabonyeza, nikatuma. Mjumbe akaendelea nyumba ya mbele. Mama akasema, "Ngoja nikusindikize." Hatujafika hata kwenye kona akaanza kunieleza, kwa sauti ya chini, kwamba mkwewe alijifungulia sakafuni, kwa sababu waliambiwa wakanunue glavu kwanza na usiku ule maduka yalikuwa yamefungwa.

"Sasa mama, mbona hukusema pale?"

"Mjumbe si alikuwepo? Na wewe ulikuwa unaandika."

Nikampigia simu msimamizi wangu. Akasema dodoso likishatumwa limetumwa, bwana, usituletee longolongo, una nyumba ngapi zimebaki? Mama yule mpaka leo yumo kwenye asilimia ya walioridhika, na aliyemtia humo ni mimi.

Ninyi waandishi wenzangu mnaosoma ukurasa huu, najua wengi mnafanya vibarua hivi kati ya hadithi moja na nyingine. Njaa haina digrii. Lakini msiniambie tena kwamba mama yule ni mwongo, wakati mlimwacha pale kwenye kona akiwa na "ila" yake mdomoni.

Zilikuwa zimebaki nyumba kumi na moja. Nilizimaliza zote kabla ya magharibi.