Pumzi Ikikatika Usiku, Figo Nazo Zipimwe

Mtu analala salama, saa nane za usiku anazinduka akihema, kifua kikikoroma, jasho likimtiririka, na presha imefika 220. Awe dereva aliyelala ndani ya trela kwenye foleni ya Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, au mama muuza samaki wa soko la Busia, kitakachotajwa kwanza ni pumu, halafu moyo. Mara nyingi ndivyo ilivyo. Lakini shambulio likijirudia ilhali moyo wenyewe unasukuma damu vizuri, tuulize kuhusu figo. Mishipa inayozilisha ikiwa myembamba, figo hudhani mwili mzima umepungukiwa na damu. Huchochea homoni zinazokaza mishipa na kuzuia chumvi na maji yasitoke. Presha hupaa, na mapafu hujaa maji ghafla. Si jambo jipya: mwaka 1934 Harry Goldblatt wa Marekani alipandisha presha ya mbwa kwa kuibana mishipa hiyo, na 1988 Thomas Pickering na wenzake wakaeleza habari za wagonjwa 11 waliojaa maji mapafuni namna hii.

Kuna watakaosema haya ni ya nadra, na kaunti yenye malaria na kifua kikuu haina muda nayo. Ni nadra, kweli. Ila sidai mashine ya mamilioni. Utafiti wa kitaifa wa 2015 ulikuta zaidi ya nusu ya Wakenya wazima hawajawahi kupimwa presha, tuanzie hapo. Kisha anayeanzishiwa dawa za presha kama enalapril au losartan apimwe kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha kazi ya figo, baada ya wiki moja au mbili, kwa kuwa ikipanda sana huenda mishipa ya figo zote mbili imebanwa. Hapa mpakani ndipo kipimo hicho kinapopotelea: dawa imeandikwa Malaba, ikaongezwa Tororo upande wa Uganda, na kila upande una daftari lake. Wengine watakumbusha kwamba majaribio ya 2009 na 2014 hayakuona faida ya kupanua mishipa ya figo kuliko dawa pekee. Sawa, ila wengi waliochunguzwa hawakuwa na mapafu yanayofurika mara kwa mara. Wenye mapafu ya namna hiyo bado hufikiriwa kupanuliwa mishipa.

Basi wewe mwenye presha uliyewahi kuzinduka hivyo mara mbili, usiache dawa kwa uamuzi wako. Omba kreatinini na picha ya figo, majibu yaandikwe kwenye daftari moja, na uvuke nalo mpaka.