Viongozi Wazee na Teknolojia: Nani Hasa Haelewi?



Ndugu wasomaji, wanafunzi wetu wa madarasa ya juu wana mazoea ya kucheka kila wanaposikia kiongozi mzee akizungumzia intaneti. Husema, mtu wa miaka 80 ataielewaje simu ya kisasa, seuze kuitungia sheria? Hoja hii si ya kupuuzwa, kwani sheria ikitungwa na asiyejua, anayeumia ni raia. Lakini hatukubali kuimeza nzima nzima.

Ushahidi wao upo. Novemba 2018 huko Japani, Yoshitaka Sakurada, waziri aliyekabidhiwa usalama wa mitandao, aliliambia bunge kuwa yeye mwenyewe hatumii kompyuta, kazi hiyo huwaachia wasaidizi. Alikuwa na miaka 68. Huyo hatuna la kumtetea.

Ila kisa wanachokipenda zaidi ni cha Aprili 2018, pale Mark Zuckerberg alipohojiwa na maseneta wa Marekani, baada ya kubainika kuwa taarifa za watumiaji wa Facebook wanaofikia milioni 87 ziliangukia mikononi mwa Cambridge Analytica. Seneta Orrin Hatch, miaka 84, akamuuliza: biashara hii mnaiendeshaje ikiwa watumiaji hawalipi? Akajibiwa kuwa wanaweka matangazo. Watu wakamcheka mzee wa watu.

Sisi tunaona swali lile ndilo hasa lililofaa kuulizwa. Muuza duka akikupa sukari bure kila siku, huulizi faida anaipata wapi? Wangapi kati ya vijana waliocheka walikwisha kutoa majina, picha na orodha za marafiki zao bila kujiuliza hata mara moja? Wepesi wa vidole si kuelewa. Dereva hodari aweza asijue injini inafanyaje kazi.

Tena tutazame Malaysia. Dk. Mahathir Mohamad, tabibu aliyezaliwa mwaka 1925, alikuwa na miaka 70 na ushei alipoanzisha mwaka 1996 ukanda wa teknolojia ya habari kusini ya Kuala Lumpur, ulikojengwa mji wa Cyberjaya. Hakuwa mtaalamu wa kompyuta. Aliwakusanya wanaozijua katika jopo la washauri, Bill Gates akiwemo, akawasikiliza. Na habari ya Khandaq mnaijua: shauri la handaki, jambo ambalo Waarabu hawakulizoea vitani, lilitoka kwa Salman al-Farisi (r.a.), na Mtume (s.a.w.) akalikubali, akachimba pamoja na masahaba zake.

Kwa hiyo umri tunauweka kando, tunatazama kiongozi anamuuliza nani. Na hapa ndipo penye wasiwasi wetu. Walimu wake wakiwa ni wakuu wa makampuni, ataelewa, naam, lakini ataelewa kama muuzaji anavyotaka aelewe. Hata Seneta Hatch alikuwa akimuuliza muuzaji mwenyewe, na siku ile kila seneta alipewa dakika 5 tu.