Mgonjwa Asinyamazishwe kwa Sababu ya Simu

Siku hizi mtu akiumwa na kichwa, kabla hajafika zahanati tayari ameishika simu na kuiuliza. Wako wanaoilaani tabia hii. Ati imewafanya wagonjwa kuwa wajuaji, ati wanakwenda hospitalini kumfundisha daktari kazi yake. Mimi nasimama upande wa pili.

Hebu kwanza tumtazame Mmarekani mmoja, Dave deBronkart. Mwezi wa Januari 2007 aligunduliwa kuwa na saratani ya figo iliyokuwa imekwisha kusambaa hadi mapafuni na kwenye mifupa. Alisoma kwamba nusu ya wagonjwa wa hali yake hawamalizi majuma 24. Daktari wake, Danny Sands, hakumkataza kusoma. Alimwelekeza kwa kundi la wagonjwa wa saratani waliokuwa wakiandikiana kwenye intaneti. Wagonjwa hao wakamweleza kuna dawa iitwayo interleukini-2, kwamba ni kali mno, kwamba hospitali nyingi haziitoi, na ni madaktari gani walioizoea. Alitibiwa mjini Boston, uvimbe ukanywea, na mwaka wa 2011 alikuwa jukwaani nchini Uholanzi akisimulia kisa chake. Sasa nakuuliza msomaji, je, mtu huyu alijitibu? La hasha! Dawa alitiwa na madaktari, tena hospitalini. Alichokipata kwenye intaneti ni la kuuliza.

Mtasema huko ni Marekani, sisi huku tuna simu za mulika mwizi na bando ya shilingi 20. Haya, turudi nyumbani. Nyanya yangu ana kisukari na humeza metformini. Mwaka jana tembe hizo zilimvuruga tumbo, akawa anaharisha, basi akawa anaziruka siku mbili, siku tatu, bila kumwambia mtu. Nilipojua, nilisoma katika ukurasa wa huduma ya afya ya Uingereza kwamba tumbo kuvurugika ni jambo la kawaida kwa dawa hiyo, kwamba inafaa kumezwa pamoja na chakula, na kwamba kuna aina yake inayoyeyuka polepole isiyosumbua tumbo sana. Nikayaandika yote kwenye karatasi, akaenda nayo kliniki. Daktari hata hakuitazama. "Nani daktari hapa, ni mimi au ni simu ya mjukuu wako?" Watu kwenye benchi wakaangua kicheko. Nyanya aliinama, na kwa miezi miwili hakukanyaga kliniki yoyote.

Baadaye sista wa kituo kingine aliisoma ile karatasi kisha akamuuliza, "Mama, wewe humeza saa ngapi? Kabla ya chai au baada?" Kumbe alikuwa akimeza alfajiri, tumbo tupu, kabla ya kwenda shambani! Dawa ikabaki ile ile, wakati ndio uliobadilishwa, na tumbo likatulia. Hayo yote hayakuchukua hata dakika tano.

Siwezi kuficha kwamba intaneti ina takataka nyingi. Kila siku utaona matangazo ya unga wa mizizi unaoponya kisukari kabisa. Mtoto mwenye kisukari cha aina ya kwanza, ambaye mwili wake hautengenezi insulini, akiachishwa sindano kwa sababu ya unga huo, atakufa. Hilo si mzaha. Lakini daktari akimfukuza mgonjwa na swali lake, tangazo halifutiki. Mgonjwa ataenda kwa yule mwenye unga, maana yule humjibu upesi tena kwa upole.

Isitoshe, kuuliza si fadhila ya daktari. Katiba yetu ya 2010 inatupa haki ya afya katika kifungu cha 43, na Sheria ya Afya ya mwaka wa 2017 inataka mgonjwa aelezwe hali yake, matibabu yaliyopo, faida, hatari na gharama zake, tena kwa lugha anayoielewa.

Hapo kwenye lugha ndipo nawageukia wanachama wenzangu wa Chama cha Kiswahili. Habari nyingi za kuaminika nilizozipata kuhusu kisukari zilikuwa kwa Kiingereza. Nyanya yangu hakijui. Kile kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari kwa muda wa miezi mitatu hivi, ambacho kwenye kadi huandikwa HbA1c, nilihangaika sana kumweleza. Sisi kila muhula hutunga mashairi ya kusifu Kiswahili (mengine, tuseme ukweli, yanafanana). Kwa nini muhula ujao tusiandike kijikaratasi kimoja cha Kiswahili chepesi kuhusu kisukari, kila mmoja akampelekea mgonjwa wa kwao? Mwalimu wa Biolojia amekubali kukisahihisha.